Saa Mbili na Robo

Mchana kutwa mtandao wetu ni mzima:
milisekunde thelathini na nane, arobaini, thelathini na tisa.
Usiku, ikigonga saa mbili na robo, unaugua.

Mia tisa na kumi!
Nimepiga shuti, mpira umeganda mguuni,
kipa wangu anaruka wavu ukiwa umeshatulia,
na Gwamaka ananiandikia kutoka Tukuyu:
Kaka, umelala?

Nikageuza daftari la hesabu la kidato cha nne,
nikaanza nyuma, penye kurasa tupu,
kuandika pingi kila dakika
kama muuguzi wa zamu na homa ya mtu.

Nilimshuku Mwasomola anayechomelea mageti jirani.
Nilimshuku dada Bupe na tamthilia zake.
Niliishuku Juni yenyewe, baridi ya Iyunga
inayoshuka mlimani bila kubisha hodi.
Kampuni nikaipigia. Wakasema: zima, subiri, washa.
Nikazima, nikasubiri, nikawasha,
wakanishukuru kwa uvumilivu
ambao sikuwa nao.

Ruta ilikaa juu ya kabati la vyombo,
nyuma ya sufuria la shughuli,
imevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye pindo.
Nikaivua. Asubuhi nikaikuta imevaa tena.
"Vumbi," alisema bibi.

Siku ya tano niliazima waya, mfupi kama kamba ya mbuzi,
nikakaa sakafuni jikoni, mashine mapajani, makalio barafu.
Saa mbili. Na robo. Na nusu.
Thelathini na saba, haikutikisika.
Basi barabara ya nje haina shimo.
Ugonjwa uko hewani, humu humu ndani,
kati ya kabati na kitanda changu.

Kesho yake nilizima taa nikajibanza ukumbini,
simu mkononi ikihesabu.
Ndala zikaja, moja inaburuzwa.
Mlango wa maikrowevu. Kitufe. Mvumo.
Thelathini na tisa.
Mia nne.
Mia tisa na sitini.

Bibi Subilaga alisimama kwenye kile kimwanga cha njano
akiitazama soksi ya babu ikizunguka,
soksi nzito ya sufi aliyoijaza mchele wa Kyela
na kuishona mdomo.
Dakika mbili, anaigeuza, dakika mbili tena,
kisha anaifunga gotini na kanga
na nyumba nzima inanukia wali usioliwa.

Nilimweleza mambo ya mawimbi, namna yanavyogombania njia moja.
Alisikiliza hadi mwisho.
"Kwa hiyo goti langu ndilo linalokufungisha magoli?"
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilijaribu yale masafa mengine, yenye kasi.
Matofali ya kuchoma aliyoyapanga babu
yaliyameza kabla hayajafika chumbani.
Nikaenda Mwanjelwa na akiba ya miezi miwili,
nikarudi na mita ishirini za kebo,
nikatambaa darini kwenye popo na buibui,
nikatokea na nywele za mzee.

Thelathini na saba. Usiku kucha, thelathini na saba.
Maikrowevu ivume itakavyo.
Gwamaka nilimfunga manne, akasema waya ni uchawi.

Daftari nimelifunga, ila sikio halijafunga.
Kila mechi, kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni,
nasikia ndala, kitufe, mvumo,
na moyo unaandika: sawa.

Juzi saa mbili na robo ilipita kimya.
Na ishirini. Na dakika ishirini na tano.
Nikavua vipokea sauti, nikaacha mpira ukiwa miguuni mwangu,
nikaenda kugonga mlango wake.

Alikuwa amesinzia kwenye kiti, soksi mkononi, baridi.
Nikaipasha. Dakika mbili, nikaigeuza, dakika mbili.
Niliporudi, Gwamaka alikuwa ameshafunga matatu
na anauliza kama mtandao umerudia ugonjwa wake.
Nikamjibu, ndiyo, kidogo.